Saa Ileile, Jua Jingine

Mei 2019, Ramadhani yangu ya kwanza hapa Kampala, nusura nifuturu jua likiwa bado linawaka. Redio ya Tanga ilikuwa ikisikika kwenye simu, muadhini wa kwetu akaadhini Magharibi, nami nikapeleka mkono kwenye tende. Jirani yangu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, si Mwislamu lakini anaijua Kibuli, mtaa wenye msikiti mkubwa, kuliko mimi, akanizuia: “Dada, jua iko bado!”

Tanzania na Uganda zinatumia saa ileile, saa tatu mbele ya Greenwich. Lakini Tanga iko ufukweni mashariki na Kampala iko mbali magharibi, kwa hiyo jua likishazama kule, huku linabaki takriban nusu saa nyingine. Ningetazama nje ningeliona. Masikio yangu yalikuwa Tanga, na macho yaliyafuata.

Tangu siku ile napima jambo ambalo sisi wageni tunaozungumza Kiswahili mjini hapa, Watanzania, Wakenya na Wakongo, hubishania tukikutana: aliye ugenini aendelee kuishi na kwao masikioni, au azime? Siku yangu ilikuwa hivi. Alfajiri natazama hali ya hewa, ya Kampala kisha ya Tanga. Nikinywa chai naperuzi picha na makundi ya WhatsApp ya watu wa nyumbani. Kwenye taksi, yaani daladala ya huku, ya kwenda Kawempe navaa hedifoni, podikasti ya Kitanzania mpaka nashuka. Jioni podikasti nyingine, nikipika.

Wanaotetea maisha haya wana hoja nzito. Mwaka ule wa kwanza, sauti mbili zikibishana Kiswahili saa nzima ziliniondolea upweke ambao hakuna mtu aliyeniuliza habari yake. Na watu wameligharimia jambo hili. Kuanzia Julai 2018 mitandao ya kijamii hapa Uganda ilitozwa shilingi 200 za Uganda kwa siku. Julai 2021 tozo hiyo ikaondolewa, ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye bando. Mtu hatoi pesa kila siku kwa kitu asichokihitaji.

Kisha kuna watoto, na hapa ndipo hoja yao inaponishika hasa. Kiswahili nchini Uganda kina jeraha. Kwa miaka mingi watu walikisikia midomoni mwa askari, na Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 hakukisaidia kupendwa. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini uamuzi wa serikali hauongei na mtoto sebuleni. Binti yangu anacheza kwa Luganda na anasoma kwa Kiingereza. Kiswahili cha utani, cha mapishi, cha kugombana na kupatana, amekipata kwangu na kwenye podikasti tunazosikiliza pamoja. Mwalimu mmoja Mkenya, rafiki yangu, huniambia kuwa nikiizima hiyo simu ninamzimia mtoto lugha. Sina la kumjibu.

Mvua ndiyo iliyonionesha upande wa pili. Mimi nimekulia kwenye kusi na kaskazi. Pwani ukiujua upepo umeujua mwezi. Waganda wana ttoggo, Machi hadi Mei, na ddumbi, Septemba hadi Novemba, nikadhani ni masika na vuli kwa majina mengine. Sivyo. Ziwa Victoria lina mvua yake lenyewe: usiku maji yake hubaki na joto kuliko nchi kavu, hewa yenye unyevu hupanda, radi hujikusanya juu ya ziwa, na asubuhi upepo wa mashariki huzileta ufukweni. Mtaa wa Muyenga wanalowa, mtaa wa Ntinda wanaanika nguo. Simu huchora wingu lilelile lenye radi kila siku, kwa mji mzima. Anayejua ni muuza roleksi, chapati ya kukunjwa na mayai, wa mtaani kwako, na ukimwona anafunika unga wake, tafuta pa kujibanza.

Asubuhi moja ya Aprili konda alipaza sauti, “Bwaise ejjudde amazzi”, yaani Bwaise imejaa maji, na dereva anazunguka njia nyingine. Abiria wa Kawempe wakashuka Wandegeya. Mimi nilikuwa nawasikiliza watu wakilalamikia masika ya Tanga, na nilipozinduka tulikuwa Mpererwe.

Lakini lililonigeuza hasa ni Januari 2021. Tarehe 13, siku moja kabla ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi tarehe 18. Facebook ilikuwa imetangulia kufungwa, na miaka iliyofuata watu waliingia kwa VPN, programu ya kukwepa kizuizi. Nilikuwa na vipindi vichache nilivyopakua, vikaisha siku ya pili. Siku ya tatu nikatoka uani nikakaa na yule mama wa Bukavu, redio yake ya betri katikati yetu, akinitafsiria habari za Luganda. Hapo ndipo nilipojua kwamba mumewe alibaki kule na kwamba kila jioni huwa anamsubiri apige. Tulikuwa tumeishi ukuta kwa ukuta karibu miaka miwili. Nimesema hakuna aliyeniuliza habari ya upweke wangu. Kumbe sikuwa nimempa mtu nafasi ya kuniuliza.

Kwa hiyo vitu hivi sivitii kapu moja. Podikasti ina mwisho: mtu ameliandaa jambo, nimelisikiliza, limekwisha, naweza kulijadili na binti yangu. Kuperuzi hakuishi, na kazi yake kubwa ni kunionesha harusi na misiba nisiyoweza kufika. Hicho nimekipunguza sana. Kwenye taksi hedifoni zinakaa mkobani mpaka nifike. Jikoni, podikasti bado inaunguruma, na siioni siku nitakayoizima.

Hali ya hewa ya Tanga naitazama kila alfajiri, kabla ya ya Kampala. Mama anaishi peke yake na paa lake linavuja upande wa jikoni. Kukiwa na mvua kule, nampigia kabla sijabandika chai.