Mtu Mzima Nimeibwa

Mimi ni muuza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na kwa miaka mingi niliamini kwamba mtu anayeweza kuvutana bei na akina mama wa pale saa kumi na mbili asubuhi hashindwi na lugha yoyote. Imani hiyo ilikufa Jumanne moja ndani ya daladala ya kwenda Igoma, ambamo kijana mmoja aliyevaa vizuri kuliko mimi alinichomolea simu mfukoni huku akinipisha kwa heshima zote. Jioni niliazima simu ya mke wangu, nikamwandikia mteja wangu mmoja mgeni, ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu: “They stole me in the bus.” Mteja alijibu mara moja kwa hofu kubwa, akiuliza watekaji ni akina nani, kama nimepewa chakula, na kama wametaja kiasi wanachotaka.

Binti yangu, ambaye yuko kidato cha kwanza na kwa hiyo amehama kutoka masomo ya Kiswahili kwenda masomo ya Kiingereza ndani ya likizo moja, alicheka mpaka akakaa chini. “Baba, umesema wamekuiba wewe mzima mzima.” Akanieleza kwamba “steal” hukishika kitu kilichochukuliwa, ilhali “rob” humshika mtu au mahali palipochukuliwa kitu hicho, ndiyo maana benki huwa “robbed” na fedha zake zikawa “stolen”. Nikamwambia basi niandike kwamba nimekuwa “robbed”. Akakataa tena, kwa kuwa neno hilo lina harufu ya nguvu na vitisho, na mwizi wangu alikuwa na adabu. Afadhali niandike “My phone was stolen”, nisijitaje. Yaani hata katika hasara yangu mwenyewe Waingereza hawakunipa kiti.

Sisi kazi hiyo tunaimaliza kwa irabu moja: simu imeibwa, mimi nimeibiwa. Tunachomeka “i” ndogo, na kila mtu anajua aliyelia ni nani. (Najua wapo wanaosema “nimeibwa” huku wamesimama mbele yetu wakiwa salama, hao tuwaache.) Vivyo hivyo anayekopa na anayekopesha ni ndugu wa shina moja, lakini kwa Kiingereza mmoja ni “borrow” na mwingine ni “lend”, watu wasiofanana hata sura.

Nilidhani nimemaliza, kumbe kazi ya nyumbani ya binti ilikuwa bado mezani. Alitakiwa kueleza kwamba jana mbwa alilala chini ya mtumbwi. Kulala ni “lie”, nikasema kwa kujiamini, basi jana ni “lied”. “Hapo mbwa amedanganya, Baba.” Jibu lilikuwa “lay”. Nikauliza kama “lay” si lile la kulaza kitu, na la kuku kutaga. Akasema ndilo, lakini likiwa la leo. La jana yake ni “laid”, na wakati huohuo “lay” ndilo jana ya “lie”, isipokuwa “lie” ya uongo, ambayo jana yake ndiyo ile “lied” niliyompa mbwa. Mimi ninajua kulala na kulaza, na usiku ule sikufanya hata kimoja.

Asubuhi nilitoka nikiisifu lugha yangu kwa sauti, hadi nilipoona wingu linapanda kutoka ziwani na dagaa wangu wameanikwa wazi. Nikakimbilia kwa jirani kudai turubai langu.

“Jirani, lile turubai tuliloazimana.”

“Kweli tuliazimana,” akajibu kwa utulivu, akiendelea kunywa chai. “Ila nani alimwazima nani?”

Nikafungua kinywa. Mtoaji anaazima, mpokeaji naye anaazima, na turubai lenyewe halina jina langu. Wingu lilikuwa limeshafika juu ya kisiwa cha Saanane, na mimi bado nimesimama mlangoni kwa watu, nikitafuta irabu ya kuchomeka.