Njia ya Kwenda Mwambani Isizibwe

Januari iliyopita mtoto wa dada yangu, anayeishi Calgary kule Kanada, alinitumia video fupi. "Mamdogo, angalia maji yalivyosimama!" Ni maporomoko ya Johnston Canyon, ndani ya hifadhi ya Banff. Yameganda kutoka juu hadi chini, nguzo kwa nguzo, barafu ina rangi ya buluu. Ukisogeza simu sikioni, unasikia maji yakitiririka bado huko nyuma ya barafu.

Nikampelekea mama yangu aione. Mama hakushangaa barafu. Alimtazama bibi mmoja aliyekuwa akipita kwenye video, kajifunika koti hadi masikioni, mkono mmoja umeshika bomba la pembeni, viatuni kafunga vile vyuma vyenye meno ya kukamata barafu. Mama akauliza, "Mbona huyu anafika?"

Swali hilo limenikaa kichwani tangu siku ile. Anafika kwa sababu kuna njia. Kutoka barabarani hadi maporomoko ya chini ni kilomita 1 na kidogo, ya juu ni kama kilomita 2.5, na sehemu nyingine unapita juu ya kidaraja chembamba kilichoshikizwa kwenye ukuta wa jiwe. Kuna watu waliokaa wakaamua kwamba mahali hapa mtoto na mzee wafike, wakaweka mabomba, na mpaka leo njia inapitika hata kwenye baridi ya chini ya sifuri.

Ziwa letu, Victoria, haligandi. Lakini Mwanza tuna miamba, na msimu wetu wa kuiendea ni Juni hadi Agosti, mvua ikishakata, asubuhi za kuvaa sweta. Ni graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mgeni akiona jiwe la ukubwa wa nyumba limekaa juu ya jingine, huuliza nani aliyelipandisha. Hakuna. Jiwe lilipasuka likiwa bado ardhini, maji yakapenya kwenye nyufa na kula kona zake taratibu, kisha udongo ukasombwa, mawe yakabaki wazi, mviringo, yamepangana. Nenda Jiwe Kuu upande wa Bwiru uone.

Mimi matembezi yangu ni Capri Point, kilima cha mawe kando ya ziwa. Ukitoka katikati ya mji saa 12 asubuhi, kwa mwendo wa kuzungumza, nusu saa inatosha. Barabara inapanda, halafu unaiacha na kukanyaga jiwe lenyewe. Jiwe la asubuhi ni baridi, unalisikia hadi kwenye soli. Juu yake kuna magamba membamba yanayobanduka kama ganda la kitunguu, usiyakanyage pembeni. Jua likishagusa jiwe, mijusi wanatoka: dume ana kichwa chekundu na mwili wa buluu iliyokolea, analala kifudifudi kujipasha moto, ukimkaribia anainua kifua mara mbili tatu kama anayekuonya. Majike yao ni ya rangi ya jiwe, utayapita bila kuyaona. Pimbi nao wanakuwa nyufani. Chini yako ni ziwa, kisiwa cha Saanane, na boti za wavuvi zinazorudi.

Mvua ikiwa imenyesha, usipande. Pale penye michirizi myeusi panateleza vibaya. Saanane kwenyewe ni safari nyingine, boti na kiingilio, lakini njia zake ni fupi na zimetengenezwa. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2013, na anayetaka kuanza na watoto aanzie huko.

Kinachoniuma ni vilima vya mitaani kwetu, ambavyo havina geti wala mlinzi. Nilipokuwa mdogo, nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kijia. Mama alikuwa akitupandisha Jumapili jioni, amebeba mahindi ya kuchoma kwenye kanga, tukakaa juu hadi taa za mji ziwake. Leo kijia kile kinaishia kwenye ukuta wa matofali wenye vipande vya chupa juu. Aliyejenga alinunua kiwanja chake kihalali, sina ugomvi naye. Ila siku ramani ya viwanja inachorwa, hakuna aliyeuliza watu wanapita wapi kwenda mwambani. Upande wa pili, ambako njia ingeweza kuzunguka, taka zimejaa hadi kiunoni, na jiwe moja tulilokuwa tukilitelezea limeshageuka kokoto. Mwanamke anayeponda kokoto pale simlaumu hata kidogo, ndiyo karo ya wanawe. Wenye mamlaka ndio wa kuonyesha mawe yapi yapondwe na yapi yaachwe.

Ziwa tumelipa kinga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Nataka na njia za miambani zipewe kinga yao. Wapimaji wakija mtaani, mwenyekiti na wazee wawaonyeshe kijia kabla ya bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, kuwekwa, kichorwe kwenye ramani kama njia ya umma, na pale penye mteremko mkali lifungwe bomba la kushikilia. Hatuhitaji lami, wala hoteli ya kitalii huko juu.

Mama ana miaka 71 na magoti yake yanamsumbua, lakini Juni anataka kupanda. Upana wa mita 2 unamtosha: mmoja anapanda, mwingine anashuka, na yeye ana mahali pa kuweka fimbo yake.