Hasara na nia

Mwandishi wa makala anadai kwamba mtoto wa miaka 6 akishahifadhi makatazo ya chuoni, yaani madrasa, huwa ameshatambua haki na batili, na akikosea astahili bakora. Sikubaliani naye. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, katika kitabu alichokitoa mwaka 1932, alieleza kwamba watoto wadogo humwona aliyevunja vikombe 15 kwa bahati mbaya kuwa mkosa zaidi kuliko aliyevunja kimoja akidokoa jamu, kwani huitazama hasara, si nia. (Mjukuu wangu, hapa Langoni, alihukumu vivyo hivyo sinia la mahamri lilipomponyoka dada yake.) Kinachowakomaza zaidi, kwa maoni ya Piaget, ni kubishana na wenzao walio sawa nao, jambo alilolichunguza kwenye gololi, mchezo ambao watoto wa vichochoroni kwetu huamuana wenyewe bila mkubwa kuwasimamia. Sioni bakora itafanya kazi gani hapo.