Fungu la kufa na kuzikana lianze kulipwa mgonjwa angali hai

Mtu akifariki Nkuhungu au Chang'ombe leo asubuhi, kufikia adhuhuri turubai limeshafungwa, viti vimeshushwa kwenye Kirikuu, akina mama wamegawana masufuria na daftari la rambirambi liko mezani. Mtaa mzima unajua kazi yake. Wiki sita kabla ya hapo marehemu huyo huyo alikuwa amelala chumba cha uani, anauguzwa na binti mmoja aliyekwisha kusahau usingizi. Majirani waliofika kumjulia hali walikaa robo saa, wakaacha sukari na sabuni, wakasema Mungu atasaidia, wakaenda zao.

Siamini kwamba watu wa Dodoma hawana huruma. Ninachoamini ni kwamba katiba za vikundi vyetu vya kufa na kuzikana zinachelewa kuanza kazi. Nyingi hufungua mfuko siku kifo kinapotangazwa. Vipo vinavyotoa chochote mwanachama akilazwa, lakini aliyerudishwa nyumbani kwa sababu hospitali imefika mwisho wa uwezo wake hahesabiwi kuwa amelazwa, naye ndiye mwenye shida kuliko wote. Pendekezo langu ni kwamba theluthi moja ya fungu la msiba ilipwe pindi daktari anapoandika kuwa kilichobaki ni tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso tu bila kuponya, na kila kikundi kiwe na wasindikizaji wanne waliofundishwa kukaa na mgonjwa hadi mwisho, na kukaa na familia baada ya hapo.

Kazi hiyo si ngeni duniani. Marekani na Uingereza kuna watu wanaoisomea, na mara nyingi familia ndiyo inayowalipa. Kwetu utafaa zaidi mfano wa Kerala, kusini mwa India, ambako watu wa kawaida wa mtaani walifundishwa kwa saa 16 darasani, wakaahidi angalau saa mbili kwa wiki, na wakawa wanafanya kazi bega kwa bega na wauguzi wanaopita nyumba kwa nyumba. Walimu hapa hawakosekani: wapo wauguzi wastaafu, na wapo wahudumu wa afya ngazi ya jamii.

Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa yako ya mwili, ya nafsi, ya kijamii na ya kiroho, na kwamba ukiyaacha mojawapo, mengine hayatulii. Naanza na yale ya kijamii, kwa sababu ndiyo huvuruga nyumba.

Kikao cha kwanza kifanyike wiki ile ile mgonjwa anaporudishwa, wakati bado ana sauti. Msindikizaji asianze kwa kumwambia mtu habari ya kifo chake. Aulize: "Mzee, daktari alikueleza nini kuhusu huu ugonjwa?" Kisha anyamaze. Wengi wanajua zaidi ya tunavyodhani, nao wananyamaza ili kuwalinda watoto, huku watoto wakinyamaza ili kumlinda mzee. Baada ya hapo ndipo yaje maswali ya kazi: nani awe karibu, nani apigiwe simu kwanza, anadaiwa na nani na anamdai nani, na azikwe wapi. Hili la mwisho lina gharama kubwa. Mgonjwa anayetaka kuzikwa kijijini Mpwapwa au Kongwa anaweza kusafiri akiwa amekaa kwenye gari dogo, ameegemezwa mito. Akishafariki mjini, safari ile ile inataka jeneza, kibali na gari kubwa la kukodi. Familia nyingi hulipa gharama hiyo ya pili kwa sababu hakuna aliyethubutu kuuliza mapema.

Wosia nao una taratibu zake. Kwa sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963, wosia wa maandishi wa anayejua kusoma unataka mashahidi wasiopungua wawili. Asiyejua kusoma, wanne. Wosia wa mdomo unataka wanne, nusu wa ukoo na nusu watu baki. Kwa Waislamu, kinachousiwa kwa wasio warithi hakizidi theluthi. Msindikizaji asiwe shahidi, asishike funguo, asishike simu yenye pesa za mgonjwa. Akigusa mali mara moja tu, nyumba inayofuata haitamfungulia mlango.

Sasa mwili. Kinachowatesa wengi ni vidonda vya mgandamizo: kwenye kitako, nyonga, visigino, viwiko na mabega. Ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na hapa ndipo wasindikizaji wa zamu wanapomwokoa yule binti. Tandika nailoni juu ya godoro, shuka juu yake, kisha kanga iliyokunjwa mara mbili kuanzia mabegani hadi mapajani. Watu wawili wakae pande mbili, wakunje kingo za kanga hadi karibu kabisa na mwili, wahesabu pamoja, wanyanyue. Wasimburute. Ni kuburuta ndiko kunakochuna ngozi, kuliko hata kulala kwenyewe. Akigeuzwa ubavu, mto mmoja uwe mgongoni na mwingine katikati ya magoti, na visigino vining'inie bila kugusa godoro. Sehemu iliyopata wekundu au weusi usiisugue. Watu wengi huisugua kwa mafuta wakidhani wanaamsha damu, kumbe wanapasua nyama iliyokwisha kuchoka. Kidonda kikitokea, kisafishwe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Kikinuka, muulize muuguzi kuhusu vidonge vya metronidazo, dawa ya kuua vijidudu, vilivyosagwa na kunyunyizwa juu yake. Harufu ndiyo inayofukuza wageni, na mgonjwa anajua kwa nini hawarudi.

Kuhusu mofini ya kunywa, dawa kali ya maumivu, nitasema kwa urefu kidogo, maana inaogopwa bure. Dozi hupangwa na daktari. Mtu mzima huanzishwa kwa kawaida miligramu 2.5 hadi 5 kila baada ya saa nne: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku dozi mbili kwa pamoja ili apate kulala hadi alfajiri. Kosa la kwanza ni kumpa anapolia tu. Maumivu yakishapanda, dawa ile ile haiyashushi, na familia inasema haifanyi kazi. Kosa la pili ni kupima kwa kijiko cha jikoni, vijiko havilingani. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano. La tatu ni choo: mofini hufunga choo, kwa hiyo bisakodili au dawa nyingine ya kulainisha ianze siku ile ile, isisubiri tumbo lijae. Kusinzia siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida. Akisinzia hadi haamshiki, au viungo vikianza kurukaruka, piga simu hospitali; huenda figo zimechoka. Ikitolewa kwa dozi sahihi haiharakishi kifo.

Na fanyeni hesabu ya chupa. Dawa yenye miligramu 5 kwa mililita 5, kwa dozi ya mililita 5, inaliwa mililita 30 kwa siku. Chupa ya mililita 100 haimalizi siku ya nne. Anayetoka Bahi au Chamwino kufuata dawa mjini aanze safari dawa ikiwa bado ipo, maana ikiisha Jumamosi, mgonjwa atakaa na maumivu hadi Jumatatu. Nauli hii ndiyo moja ya vitu ambavyo ile theluthi ya fungu ingelipia, pamoja na glavu, nailoni na pampasi za watu wazima.

Siku za mwisho mgonjwa huacha kula. Mwili umeacha kuhitaji. Si kwamba anakufa kwa sababu ya kutokula. Uji wa uwele ukilazimishwa kwa kijiko huingia kwenye njia ya hewa, akapaliwa. Dripu nayo, kwa mtu ambaye moyo na figo vinazimika, huishia kuwa maji mapafuni. Mpe mdomo uliolowa: kitambaa safi chenye maji kila baada ya saa moja au mbili, na mafuta ya mgando kwenye midomo, hasa Dodoma yetu yenye upepo mkavu na vumbi. Mikono na miguu hupoa, mkojo hupungua na kuwa mweusi, pumzi hukatika kwa sekunde kadhaa kisha hurudi. Koo likianza kukoroma, mlaze ubavu na uinue kichwa kidogo. Mlio huo unawaumiza wanaosikiliza kuliko yeye. Usiku wa Juni na Julai, baridi inapouma, jiko la mkaa lisiingizwe chumbani, hasa ndani ya tembe lenye tundu moja dogo, ongezeni mablanketi. Kwa Mwislamu, awepo wa kumlakinia shahada kwa upole. Kwa Mkristo, aitwe padri au mchungaji kabla hajapoteza fahamu. Na watu wapungue; ishirini wakilia chumba kimoja humnyima hewa na utulivu.

Akikata roho, andikeni saa. Kifo kilichotarajiwa si dharura, hakuna haja ya kukimbiza gari. Macho yafumbwe na taya lifungwe kwa kitambaa mapema, kwani ndani ya saa chache taya hukakamaa na hapo hakuna namna. Wanaoosha wavae glavu. Mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wajulishwe, kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, maana bila cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, mirathi inasimama. Mofini iliyobaki irudishwe hospitali kwa muuguzi, isiachwe kabatini penye watoto.

Kikundi kikae na yule binti pia. Turubai likishafunguliwa ndipo mgongo wake unapouma na usingizi unapokataa kurudi, na wengi huwa wamekwisha kupoteza kibarua au mtaji wa genge. Katiba iseme wazi kwamba wasindikizaji wawili wamtembelee kila wiki hadi siku ya arobaini, na kwamba sehemu ya fungu iliyobaki baada ya mazishi ianze kwake kabla ya kugawanywa kwingine.