Diwani Aliyehamia Seneti na Kuyapunguza Mamlaka ya Madiwani

Scott Wiener alipochaguliwa kuwa seneta wa jimbo la California mnamo Novemba 2016, alikuwa ametumikia karibu miaka 6 katika Baraza la Madiwani la San Francisco, na mpinzani aliyeshindwa naye kwa tofauti ndogo, Jane Kim, alikuwa diwani mwenzake. Njia hiyo ni ya kawaida, maana diwani wa jiji hilo haruhusiwi kupita vipindi viwili mfululizo vya miaka 4, na mwenye hamu ya siasa huanza mapema kuutafuta mlango mwingine. Lisilo la kawaida ni kwamba sheria kadhaa alizozipigania huko Sacramento, makao makuu ya jimbo, zinawapunguzia madiwani mamlaka aliyokuwa nayo yeye mwenyewe.

Udiwani ni kazi ya mambo ya mlangoni. Wadi ya Wiener ilikuwa na mtaa wa Castro, na mwaka 2012 ndiye aliyewasilisha sheria ndogo ya kuwakataza watu kukaa uchi hadharani, ikapita kwa kura 6 dhidi ya 5. Katika jiji hilo hilo, jirani mmoja aliweza kuomba jengo la fleti lililotimiza kila kanuni lijadiliwe upya, na ujenzi ukasubiri. Sheria yake ya mwaka 2017, SB 35 (SB ni kifupi cha muswada wa Seneti), iliilenga desturi hiyo: mji usiofikia kiwango cha nyumba ulichopangiwa na jimbo hulazimika kuidhinisha haraka mradi unaokidhi masharti. Wanaomuunga mkono husema kila mji ukimsukumia jirani mzigo wa kujenga, hakuna atakayejenga. Hoja hiyo naiona nzito.

Hata hivyo, si kweli kwamba waliompinga ni matajiri wenye nyumba peke yao. Muswada wa SB 827 wa mwaka 2018, uliotaka majengo marefu yaruhusiwe karibu na vituo vya usafiri, ulipingwa na madiwani wa Los Angeles, na baraza la zamani la Wiener mwenyewe, na pia watetezi wa wapangaji wa kipato cha chini, waliohofia kwamba ardhi ikipanda thamani wao ndio watakaohamishwa. Ulifia katika kamati ya kwanza. SB 50 ukaanguka Januari 2020 kwa kupungukiwa kura 3, na ni Oktoba 2025 tu ndipo SB 79, wenye lengo lile lile, ulipotiwa saini baada ya kulegezwa sana.

Husemwa pia kwamba mkazi wa Los Angeles hana kura ya kumwondoa seneta wa San Francisco. Hapo wapinzani wanatia chumvi, kwa kuwa muswada unahitaji kura 21 kati ya 40, na Los Angeles ina maseneta wake. Ninachokubaliana nao ni umbali. Diwani wa San Francisco huwakilisha watu wasiofika 80,000. Seneta karibu milioni moja. Mpangaji aliyezoea kupanda basi hadi ukumbi wa jiji na kupewa dakika mbili za kusema, sasa kikao kinachoamua juu ya mtaa wake kinafanyika takribani kilomita 140 kutoka kwake, katikati ya siku ya kazi.