Pedali za kwanza za kubana kwenye fiksi: springi laini inamfaa nani?

Ukiuliza pedali gani za kubana kiatu zinamfaa anayeanza, jibu utakalopewa karibu kila mara ni lilelile: chukua zinazoachia kwa urahisi na ulegeze springi inayokishika kiatu hadi mwisho. Kwa baiskeli ya kawaida sina ugomvi na ushauri huo. Kwa fiksi, yaani baiskeli ya gia moja isiyo na frihwili (kifaa kinachoruhusu gurudumu kuzunguka pedali zikiwa zimetulia), ambayo pedali zake huzunguka maadamu gurudumu la nyuma linazunguka, naona unampeleka mgeni pabaya.

Tazama jinsi fiksi inavyopunguzwa mwendo kwa miguu. Mguu wa nyuma unaikandamiza pedali inayotaka kupanda, na wa mbele unaivuta juu ile inayotaka kushuka. Mvuto huo wa mguu wa mbele ndio unaoipima kliti, kile kipande kilichofungwa chini ya soli ili kibanwe na pedali. Ikiachia hapo, umepoteza breki ya miguu palepale ulipoihitaji, na pedali haikungoji: inaendelea kuzunguka na kukutandika ugokoni. Kwenye baiskeli yenye frihwili mguu ukichomoka unaacha tu kukanyaga, krenki, yaani mikono inayobeba pedali, zinatulia, unaurudisha.

Wanaotetea ulegevu nao wana hoja. Mgeni anafika kwenye taa nyekundu, anasahau kwamba amefungwa, anaanguka ubavu kama gunia. Wanaopita hucheka, lakini ukiangukia upande wa magari hakuna cha kuchekesha. Tena kwenye fiksi kuchomoa mguu ni kugumu zaidi, kwa sababu unazungusha kisigino kwenda nje huku pedali yenyewe bado inatembea. Hofu hiyo naielewa. Ila dawa yake ni mazoezi, na breki ya mbele ambayo fiksi ya barabarani haipaswi kuikosa hata kidogo. Mguu unaochomoka bila kuagizwa hauna mazoezi ya kuutibu.

Hapa ndipo uchaguzi wa kliti unapouzidi uzito uchaguzi wa pedali. Mfumo wa pedali wa SPD wa Shimano, watengenezaji wa vipuri vya baiskeli, ulioingia sokoni mwaka 1990, una kliti mbili maarufu zinazofanana kwa mbali. SH51 huachia kisigino kinapozungushwa kwenda pembeni tu. SH56 huachia kwa njia kadhaa, ikiwemo kuvutwa juu kwa nguvu, na ndiyo inayosifiwa kwa wageni. Mvuto wa juu ni ule ule unaotumia kupunguza mwendo! Kwa fiksi ningechukua SH51 bila kusita, kisha niweke springi katikati.

Pedali za barabara zenye kliti kubwa ya boliti tatu, za ukoo wa zile za kampuni ya Look alizotumia mwendesha baiskeli Mfaransa Bernard Hinault aliposhinda Tour de France ya 1985, hushika vizuri sana, na wakimbiaji wa velodromu, uwanja wa mbio za baiskeli, wanazitumia. Shida ni kwamba nyingi zina upande mmoja tu wa kuingilia. Ukiondoka na mguu mmoja umefungwa, wa pili unaifukuza pedali isiyosimama, nayo huenda imegeuka chini juu. Kutembea nazo ni adha nyingine. SPD huingilika pande zote mbili, na kliti yake huzama ndani ya soli.

Pedali ya Eggbeater ya kampuni ya Crankbrothers inaingilika pande nne, jambo tamu kwa fiksi, lakini springi yake haina skrubu ya kukaza. Ukiona inakuachia mapema, huna la kufanya zaidi ya kubadilishana kliti za kushoto na kulia ili kuongeza pembe ya kuachia. Mikanda ya kufungia mguu kwenye pedali nayo ina watu wake, na wana haki: unapanda na kiatu chochote. Lakini mkanda ukiulegeza haushiki sawasawa, na ukiukaza kutoka ni kazi.

Ukishanunua SPD, kuna skrubu nne za kurekebisha springi, mbili kila pedali, na alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 3 inatosha. Hesabu mibofyo ya skrubu unapozizungusha ili zote zilingane, la sivyo mguu mmoja utatoka kwa namna tofauti kila pedali inapogeuka. Kabla ya kuingia barabarani, shika ukuta, ingia na kutoka mpaka kisigino kizoee. Na unaposimama, bana breki ya mbele, inua kidogo gurudumu la nyuma, uzungushe krenki hadi pedali ya kuondokea ikae mbele juu. Kwenye fiksi huwezi kuirudisha nyuma kwa kidole cha mguu ukiwa umesimama kwenye taa.