Kuta Zilizokataa Kutii: Filamu ya Caligari na Mashtaka ya Kracauer

Mwaka 1947 mhakiki Siegfried Kracauer, Mjerumani aliyekimbilia Marekani, alichapisha kitabu ambacho jina lake lenyewe lilimfunga daktari wa kwenye filamu na Hitler katika mnyororo mmoja. Tangu hapo ni vigumu kuizungumzia filamu bubu ya Robert Wiene kuhusu Dakta Caligari, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin mwezi Februari 1920, bila mtu kuuliza kama ilikuwa dalili ya maradhi yaliyokuja kuiangusha Ujerumani.

Mashtaka yenyewe si ya kubezwa. Kijana Francis anasimulia jinsi Caligari, mwenye kibanda cha maonyesho, anavyomtuma Cesare, mtu anayeishi usingizini, kwenda kuua watu usiku. Kisha mwishoni tunaambiwa kwamba Francis ni mgonjwa wa akili na kwamba huyo anayemwita Caligari ndiye mganga mkuu anayemtibu. Kwa maelezo ya Kracauer, waandishi Hans Janowitz na Carl Mayer walikusudia kuyalaani mamlaka yaliyowageuza vijana kuwa wauaji wasiojitambua katika vita vilivyokuwa vimekwisha punde, lakini watengenezaji wakaongeza hadithi ya nje, yaani ile inayoizunguka hadithi kuu mwanzoni na mwishoni, inayomfanya mlalamikaji kuwa mwendawazimu na mtawala kuwa mwema. Mtu aliyeipoteza nchi yake kwa sababu ya utiifu wa namna hiyo ana haki ya kuutilia shaka mwisho wa aina hiyo.

Hata hivyo, shahidi wake mkuu alikuwa Janowitz, aliyeyaandika aliyoyakumbuka miaka mingi baadaye. Nakala ya mswada iliyokuwa imehifadhiwa na mwigizaji Werner Krauss, aliyemwigiza Caligari, ilipokuja kujulikana, ilionekana kwamba hadithi ya nje ilikuwemo tangu mwanzo, ingawa ilikuwa ya namna nyingine: Francis anawasimulia wageni wake mambo yaliyopita zamani, akiwa na akili zake timamu. Kwa hiyo sehemu moja ya shtaka inaanguka na nyingine inabaki, maana wazimu wa msimulizi uliongezwa kweli.

Linalonishangaza ni jinsi ubishi huu wote unavyoendeshwa kana kwamba filamu ni mswada tu. Wabunifu wa mandhari ya filamu, Hermann Warm, Walter Reimann na Walter Röhrig, hawakuandika hata sentensi moja ya hadithi, walichora. Walichora nyumba zilizoinama kama walevi, madirisha yenye pembe kali, na hata vivuli wakavipaka rangi sakafuni na ukutani. Karani wa mji anakalia kiti kirefu kupita kiasi, amekunja mgongo juu ya karatasi zake, na yeyote mwenye shida sharti asimame chini na kuinua uso. Polisi nao wamepandishwa juu ya viti vya namna hiyo hiyo. Sijui hotuba gani dhidi ya urasimu ingeweza kusema zaidi ya kiti hicho.

Sasa na tuutazame mwisho kwa makini. Ikiwa dunia iliyopinda ni zao la akili mbovu ya Francis, basi hadithi yake ikiisha kuta zilipaswa kunyooka. Hazinyooki. Ukumbi wa hospitali tunaorudishwa, eti katika hali halisi, ni ule ule wa ndani ya hadithi, wenye mistari inayotawanyika sakafuni kama miale. Chumba anamofungiwa Francis ndicho kile kile ambamo, katika masimulizi yake, Caligari alifungiwa. Baadhi ya wahakiki wameliona hili kuwa uzembe, au ubahili wa watengenezaji waliokataa kugharamia mandhari mapya. Huenda. Lakini mtazamaji haoni hesabu za fedha, anaona picha, na picha hiyo inampinga mwandishi wa mwisho ule: ulimwengu unaotajwa kuwa wa wazima umepinda sawasawa na ule wa mwendawazimu.

Erwin Panofsky, mwanahistoria wa sanaa, alileta shtaka la upande mwingine. Kwake, kuupamba uhalisi kwa rangi kabla ya kuupiga picha ni kuikwepa kazi ya sinema, ambayo ni kuuchukua uhalisi usiopambwa na kuupiga picha kwa namna itakayoupa mtindo. Nakubali kwamba mahali pengine turubai linaonekana ni turubai, na kwamba Francis na rafiki yake wanaigiza kwa mikono mingi ya jukwaani isiyopatana na kuta zile. Lakini shtaka hilo linamsahau Conrad Veidt, mwigizaji wa Cesare. Cesare wake, mwembamba, amevaa nguo nyeusi za kubana, ananyemelea kando ya ukuta akiwa ameunyoosha mkono, mithili ya kivuli kilichobanduka kutoka kwenye rangi. Yale macho yanapofumbuka polepole, kamera ikiwa karibu na uso wake, hakuna kiti cha ukumbi wa tamthilia ambacho kingempa mtazamaji ukaribu huo. Krauss naye, mwenye mistari iliyochorwa kwenye glavu na michirizi ya rangi kwenye nywele, amekuwa sehemu ya ukuta unaotembea.

Waigizaji hao wawili walikuja kuachana njia kwa namna ambayo kitabu cha Kracauer hakiwezi kuieleza kwa urahisi. Veidt, ambaye mkewe alikuwa Myahudi, aliondoka Ujerumani mwaka 1933, na alipofariki mwaka 1943 alikuwa ameshaigiza maofisa wa Kinazi katika filamu za Marekani zilizowapinga. Krauss alibaki, akapewa heshima na utawala ule, na mwaka 1940 akaigiza katika filamu ya propaganda dhidi ya Wayahudi. Wiene mwenyewe alifia Paris, uhamishoni, mwaka 1938. Filamu moja, utiifu mmoja unaodaiwa kufundishwa ndani yake, na watu walioitengeneza wakaishia pande zinazopingana.

Katika picha ya mwisho daktari anasema ameuelewa ugonjwa wa Francis na sasa anajua jinsi ya kumponya. Kisha giza linauzunguka uso wa Krauss, unaobaki peke yake ukitazama, nasi hatuonyeshwi mgonjwa aliyepona.